Mpini wa mpingo kwenye chuma cheupe

Rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ukiifungua mpini hubaki kama samaki aliyekwisha paruliwa. Unaona mifupa tu: utepe mwembamba wa chuma unaoteremka nyuma ya kiganja, springi bapa iliyosimama ndani yake, na kijipini kidogo chini kabisa kinachozuia mpini usichezecheze. Jioni ya kwanza nilipoifungua yangu, kwenye meza ya gereji hapa Houston, niliitazama muda mrefu. Nilikuwa nayo miezi minne tayari na sikuwahi kuiona kweli. Mpini wa mpira mweusi wa kiwandani ulikuwa umekificha kile chuma kiasi kwamba nilikuwa naishika kama mtu anavyoshika kifaa cha fundi bomba.

Kwa msomaji aliyeko nyumbani najua jambo hili linahitaji maelezo. Mimi ni mtoto wa Lindi. Kule bastola ni ya polisi, ya mlinzi wa benki au ya jambazi, na nilifika utu uzima bila kuigusa hata moja. Hapa Texas mwenzangu wa kazini alinipeleka kwenye uwanja wa kulenga shabaha mwaka 2019, nikaupenda mchezo wenyewe: unavyotuliza pumzi, unavyoshindana na mkono wako mwenyewe na si na mtu mwingine. Mwaka uliofuata, nikiwa na kibali cha ukaazi wa kudumu, nilijaza dukani fomu namba 4473, ile ya kununulia silaha, majina yangu yakapelekwa kuhakikiwa serikalini, nikatoka na Smith & Wesson 686 ya stenlesi, mtutu wa inchi 4, tundu sita. Inakula risasi za .357 Magnum, na za .38 Special pia, ambazo ndizo ninazopiga siku nyingi kwa sababu ni pole na bei yake inavumilika. Inalala kwenye kasha la chuma lenye namba za siri. Kila ninapoiweka kwenye meza ile ya gereji nafungua silinda kwanza, nahesabu matundu sita matupu, na boksi la risasi linabaki chumba kingine. Hilo sitalirudia, lakini lichukuliwe kuwa limefanyika kila mahali ninapoeleza hapa chini.

Nilipoiona bila mpini ndipo nilipouona mng'ao wake. Chuma cha 686 hakijapigwa kioo. Kimesuguliwa kwa mistari myembamba inayokwenda upande mmoja, kama maji ya bahari asubuhi kabla upepo haujaanza. Mwanga ukikigusa hauruki kukupiga machoni, unatambaa. Mpira mweusi uliokuwa juu yake haukuwa na mng'ao wa aina yoyote. Ulimeza mwanga wote, na macho yakifika pale yalikuwa yanaanguka shimoni.

Mpira una sifa zake, na sitaudharau. Guy Hogue, aliyekuwa polisi wa Los Angeles, alianza mwaka 1968 kuwatengenezea wenzake mipini, na kampuni ya familia yake ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mipini ya mpira unayoiona kwenye rivolva mpya. Ukipiga .357 kamili, bastola inapiga teke, na mpira unalipokea teke lile badala yako. Una mabonde ya vidole, hauogopi jasho wala mvua. Lakini kwa joto la hapa mwezi wa Agosti ulikuwa unanata, unaokota nyuzi za nguo na vumbi. Halafu una kosa moja ambalo kwa rivolva ya stenlesi ni kubwa: hauna rangi ya kuzungumza na chuma. Mweusi wa mpira ni mweusi wa tairi.

Basi nikaanza kutafuta.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufuata picha. Niliagiza mpini wa mbao nyekundu, rozwudi wanaiita, uliopakwa vanishi mpaka ukawa kama kikombe cha udongo kilichotiwa rangi. Kwenye picha ulikuwa mzuri sana. Ulipofika nikaufunga, nikawasha taa, na moyo ukanyong'onyea. Chuma kilikuwa kinatambaza mwanga taratibu, mbao inaurusha kama kioo cha gari. Vitu viwili havikuwa vya nyumba moja. Isitoshe, kwenye shabaha ule ulaini wa vanishi ulinitoroka mkononi. Kila risasi ya nguvu ilipotoka, mpini ulikuwa unateleza juu kidogo ndani ya kiganja, nami nalazimika kuushika upya.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba sikukosea rangi. Nyekundu iliyokoza inaweza kukaa vizuri kabisa na chuma cheupe. Nilikosea mng'ao. Tangu hapo nimekuwa nikitazama mng'ao kwanza, rangi baadaye. Chuma kilichosuguliwa mistari kinataka mbao iliyotiwa mafuta au nta, yenye mwanga wa chini. Chuma kilichopigwa kioo, kama Colt Python mpya zilizoanza kutoka mwaka 2020, kinaweza kubeba mbao iliyong'arishwa sana, au hata gamba la chaza. Na kile kilichopigwa kwa shanga ndogo za kioo mpaka kikafubaa kama jivu, chenyewe hupendeza na vitu vikavu zaidi: maikata, yaani tabaka za kitambaa zilizoshindiliwa na kugandishwa kwa gundi ngumu, au mbao isiyo na mng'ao kabisa. Neno stenlesi linatudanganya kwamba kuna rangi moja. Kuna vyuma vitatu au vinne tofauti vinavyoitwa kwa jina hilo.

Rivolva za zamani hazikuwa na shida hii. Kwa miaka mingi zilikuwa ama za chuma kilichotiwa bluu iliyokaribia weusi, ama za nikeli. Chuma cha bluu na mbao ya jozi, ile ya walnati ya Marekani, vilishazoeana tangu kwenye bunduki za mababu zao: kimoja ni giza baridi, kingine ni kahawia yenye joto, na macho yanapita kutoka huku kwenda kule bila kikwazo. Nikeli nayo ina umanjano wa mbali, ukiiweka karibu na stenlesi utauona mara moja, na umanjano ule unapatana na pembe au gamba. Stenlesi ilikuja mwaka 1965, Smith & Wesson walipotoa Model 60, rivolva ya kwanza ya chuma cha aina hiyo kutengenezwa kwa wingi. Hiki ni chuma kilichochanganywa na kromu isiyopungua asilimia 10.5, na kromu hiyo hujijengea ngozi nyembamba juu inayozuia kutu. Rangi yake haina umanjano wa nikeli wala giza la bluu. Ni kijivu kitupu. Ndiyo maana kila unachokiweka kando yake kinaonekana kikali kuliko kilivyo: nyekundu inakuwa nyekundu zaidi, njano inapiga kelele, nyeusi inakuwa shimo.

Siku hizi kabla ya kununua chochote natoa vipande. Wauzaji wengi wa mbao hapa wanauza vibanzi vidogo vya sampuli, unene wa kadi. Navilaza kimoja kimoja kwenye ubavu wa fremu, yaani mwili wa chuma wa bastola, na kutoka navyo nje, asubuhi mara moja, na jioni jua linapoinama. Taa ya gereji haifai. Yangu ilikuwa ya zile nyeupe zenye ubuluu, na ndiyo iliyonifanya niamini kwamba kahawia ya walnati inaonekana chafu juu ya stenlesi. Nje, saa kumi na moja jioni, ileile walnati ilikuwa kama ngozi ya mtu aliyepakwa mafuta.

Walnati nikainunua, isiyo na vanishi, nikaitia mafuta mwenyewe. Mafuta ya kitani, tone moja kwa ncha ya kidole, unasugua mpaka kidole kinaungua, unaacha siku nzima, unarudia. Nilirudia mara tisa. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye mawazo mengi. Mpini ule ninao mpaka leo na ndio ninaomshauri mtu anayeanza, kwa sababu walnati ni nyepesi kuichonga, haina sumu kali kwenye vumbi lake, na ikikosewa haiumizi mfuko.

Walnati ndiyo iliyonifundisha jambo jingine, kwa njia niliyoichukia. Baada ya kiangazi kizima cha Houston, ambako hewa yenyewe ni maji, niliufungua mpini kuusafisha. Chini ya kibao cha kulia (mpini ni vibao viwili, kimoja kila upande), pale kiganja kinapotoa jasho jingi, kulikuwa na madoa mekundu matatu juu ya chuma. Kutu. Niliyaangalia bila kuamini, maana nilikuwa nimeamini neno lile kwamba chuma hiki hakishiki kutu. Kinashika, ila taratibu, na hasa palipofungiwa chumvi na unyevu bila hewa. Jasho langu lilikuwa linapenya kwenye ukingo wa mbao na kukaa pale miezi mitatu. Yaliondoka kwa mafuta na kitambaa kigumu, yakaacha kovu ambalo mimi pekee nalijua lilipo. Sasa nafungua mpini kila baada ya wiki sita, naifuta fremu, napaka mafuta kidogo sana ndani, na upande wa ndani wa vibao nao nautia nta, kwa sababu mbao isiyozibwa upande mmoja hunywa unyevu na kujikunja. Ala ya ngozi nayo siiachi na bastola ndani yake usiku. Ngozi hutunza unyevu na chumvi zilizotumika kuilainisha.

Na kwa kuwa tuko kwenye kufungua: usibanduebandue kibao kwa ncha ya bisibisi. Nimeona mipini ya thamani kubwa yenye meno ukingoni kwa sababu hiyo. Legeza skurubu mizunguko kadhaa bila kuitoa, kisha gonga kichwa chake taratibu kwa mpini wa bisibisi, na kibao cha upande wa pili kitajisukuma chenyewe. Bisibisi iwe na upana sawasawa na mfereji wa skurubu. Wakati wa kufunga, kaza mpaka ihisi imeshika, basi. Mbao iliyokazwa sana hupasuka pale pale kwenye tundu.

Hadithi ya kokobolo naisimulia kwa ajili ya mtu anayefikiria kuchonga mwenyewe. Huu ni mti wa Amerika ya Kati, wa rangi ya chungwa iliyochanganyika na michirizi myeusi, na juu ya stenlesi unawaka kama kaa la moto. Niliupenda nilipouona tu. Nikanunua kipande kilichokatwa tayari kwa vipimo vya fremu yangu, kikihitaji tu kupunguzwa na kupigwa msasa. Nikafunga mlango wa gereji kwa sababu ya mvua, nikapiga msasa jioni mbili bila barakoa. Siku ya tatu macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe, mikono na shingo imejaa vipele, na kifua kinabana. Daktari aliniuliza nimeshika nini. Nilipomtajia jina la mti alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. Miti ya jamii hiyo, Dalbergia, ina mafuta ambayo mwili wa baadhi ya watu huyakataa, na ukishayakataa mara moja unazidi kuyakataa. Kipande kile nilimpa mtu mwingine pamoja na onyo. Tangu siku hiyo napiga msasa nje, nimevaa barakoa yenye vichujio, shati la mikono mirefu, na msasa wa mwisho naupiga kwa mafuta ili vumbi lisiruke.

Nilimwuliza daktari kama niogope mti mmoja tu au ukoo mzima. Akasema ukoo mzima niuheshimu. Wakati huo sikujua kwamba mpingo ni wa ukoo huohuo.

Mpingo nilikutana nao kwenye orodha ya bei ya muuza mbao, ukiwa umeandikwa kwa Kiingereza kuwa mti mweusi wa Afrika. Nilisoma nikapita. Nikarudi. Kando yake, kwa herufi za kulala, jina la kisayansi: Dalbergia melanoxylon. Nikakaa kitako. Huo ndio mti ambao mjomba wangu ameuchonga maisha yake yote, kwanza Lindi, baadaye Mwenge pale Dar es Salaam. Ndio mti wa bakora ya babu. Bakora ile ilikuwa nyeusi tii, na chini kidogo ya kishikio ilikuwa na pete ya fedha, pana kama kidole, iliyochakaa kwa kushikwa mpaka ikapoteza nakshi zake. Babu alikuwa akiiegemeza ukutani kwenye baraza, jua la saa kumi linapita kwenye ile pete, na weusi wa mti unakaa kimya chini yake. Nilikuwa nazunguka na vibanzi vya mbao za dunia nzima kutafuta kitu cha kukaa na chuma cheupe, na jibu nilikuwa nimeliona kila siku kabla sijajua kusoma.

Bei yake ilinishtua. Kipande kisichotosha mpini wa panga kilikuwa na bei ya gunia la mchele. Lakini nilipofikiria, nikaona haki. Mti ule huchukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, sehemu kubwa ya gogo ina nyufa na mashimo, na watengenezaji wa klarineti na obo wa Ulaya wanaugombania. Tangu Januari 2017 karibu ukoo wote wa Dalbergia uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo biashara yake ya kuvuka mipaka inataka karatasi. Nilimwuliza muuzaji mzigo wake umetoka wapi na kwa karatasi zipi, naye akanionyesha. Naamini kila anayenunua mpingo ana wajibu wa kuuliza swali hilo. Kule Kilwa, mwaka 2009, vijiji vilivyokuwa vinatunza misitu yao vilipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa kutunzwa, na mpingo ukivunwa kwa utaratibu ule fedha zinabaki kijijini. Ukivunwa kwa wizi zinabaki kwa mwenye lori.

Kuuchonga ni habari nyingine. Maji hayaubebi, unazama kama jiwe. Tupa yangu nzuri ilianza kuteleza baada ya saa moja. Kekee ilipata moto mpaka ikatoa moshi wenye harufu tamu, nikajifunza kutoboa kidogo, kusubiri, kutoboa tena. Vipete vya skurubu vilikataa gundi mara ya kwanza kwa sababu ya mafuta ya mti, ikabidi kuyafuta kwa asetoni na kugundisha papo hapo. Na vipete vyenyewe nilivibadilisha. Vilivyokuja na seti vilikuwa vya shaba, na lile doa la njano katikati ya nyeusi, karibu na chuma cha kijivu, lilikuwa linavuta macho kama jino la dhahabu. Niliweka vya stenlesi, na skurubu ya stenlesi. Ni kitu kidogo, lakini rangi ya tatu isiyo na kazi huharibu mbili zenye kazi.

Ukingo ndio ulionitoa jasho zaidi. Kwenye 686 utepe wa chuma wa nyuma unabaki wazi kati ya vibao viwili, unauhisi kiganjani. Mbao ikizidi chuma hata kwa unene wa ukucha, inakukata ngozi kila risasi. Ikipungua, chuma ndicho kinachokata. Nilipaka masizi ya mshumaa kwenye fremu, nikabana kibao, nikafungua, nikaona palipogusa, nikapunguza kwa msasa, nikarudia. Labda mara arobaini. Kibao cha kushoto nilikikwangua zaidi upande wa juu, ili kifaa cha kujazia risasi sita kwa pamoja kipite bila kugonga. Hilo wengi hulisahau, wanajikuta na mpini mzuri unaozuia bastola isijazwe.

Kisha nikaharibu. Nilikuwa nimeupiga msasa vizuri hadi namba 2000, nikaupaka vanishi, nikaung'arisha kwa gurudumu la kitambaa. Nilipoufunga kwenye bastola ulikuwa mweusi, unang'aa, na hauna uhai. Kwa hatua mbili tu kutoka pale nilipokuwa, mtu angeapa kwamba ni plastiki. Miezi miwili ya kazi. Nilipiga picha nikamtumia mjomba kwa WhatsApp, na alipoipokea nikampigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Huko kumekucha?"

"Kumekucha. Umeiona picha?"

"Nimeiona. Huo ni mpingo kweli?"

"Ni mpingo. Nimeukata mwenyewe."

"Umeupaka nini?"

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, nikasikia nyuma yake patasi na nyundo za wenzake.

"Hapa Mwenge wanaopaka hivyo ni wale wanaouza mti mwingine kwa jina la mpingo. Wanapaka kiwi ya viatu, wanang'arisha, mzungu ananunua. Mpingo haupakwi, mjomba. Una mafuta yake ndani. Toa hiyo kitu yote. Piga msasa, uishie pale unapoanza kuona nyuzi za mti, usizifute. Halafu nta kidogo, na mkono wako."

"Hautafubaa?"

"Utafubaa sawasawa na hicho chuma. Si ndicho unachotaka?"

Nikatoa vanishi yote. Nikarudi msasa namba 320, kisha 400, kwa mwelekeo mmoja tu, uleule wa mistari ya chuma, yaani kutoka silinda kwenda kitako. Nikaishia hapo. Weusi ule ukafunguka. Ndani yake kulikuwa na zambarau na kahawia, michirizi myembamba ambayo gurudumu lilikuwa limeifunga. Na kwenye kibao cha kulia nilikuwa nimeacha, kwa uoga wa kupoteza mbao, ukanda mwembamba wa ule mti wa nje, wa rangi ya siagi, uliokaa karibu na kiini. Nilitaka kuukata. Mjomba alisema niuache, kwa kuwa wachongaji nao huuacha ili mnunuzi ajue mti ni wa kweli. Ukanda ule unateremka karibu sambamba na utepe wa chuma, na ndio unaofanya weusi usiwe shimo. Kijivu, siagi, kisha giza. Macho yanashuka kwa ngazi.

Mkononi nao ulinishangaza. Niliogopa utateleza kama ile rozwudi. Kumbe uso ulioishia namba 400 una ushikaji wake mdogo, na mkono ukitoa jasho unashika zaidi. Uzito wake pia unaongeza kitu chini ya kiganja, bastola inatulia, mtutu hauruki sana. Kwa .38 Special sitaki mpini mwingine. Siku ninayopiga .357 nyingi nafunga mpira, bila aibu, kwa sababu kiungo cha kidole gumba changu kimeshaniambia umri wake.

Kuna kitu kimoja wengi hukipendekeza kwa stenlesi ambacho sijakigusa na sitakigusa. Kwenye maonyesho ya silaha hapa Texas, mzee mmoja mpole alinionyesha vibao vya pembe ya ndovu, vya zamani, vyenye nyufa ndogo za rangi ya chai. Akanikumbusha rivolva ya Jenerali Patton, yule Mmarekani wa Vita Kuu ya Pili, ile Colt iliyonunuliwa hapahapa Texas, El Paso, mwaka 1916, ya rangi ya fedha na nakshi, ambayo watu huiita ya lulu ilhali mpini wake ulikuwa wa pembe. Na ni kweli, pembe juu ya chuma cheupe ni nzuri kupindukia. Weupe wake una umanjano wa maziwa, na unaupa ukijivu uhai bila kushindana nao. Lakini mimi nimetoka jirani na Selous. Ndovu wa huko walihesabiwa karibu 39,000 mwaka 2009, na karibu 13,000 mwaka 2013. Kuna miaka ambayo habari za nyumbani zilikuwa hizo tu. Nilimrudishia yule mzee vibao vyake kwa mikono miwili, nikamwambia ninakotoka. Alivifunga kwenye kitambaa, hakuvisifia tena. Sheria ya hapa nayo, tangu Julai 2016, imebana biashara ya pembe karibu yote. Anayetaka weupe ule atapata wa plastiki ngumu wenye tabaka ndani, na ukikaa na chuma kilichopigwa kioo unapendeza vya kutosha.

Kipande cha mpingo kilichobaki kilikuwa kifupi mno kwa bastola nyingine. Nimekitia kwenye kisu cha jikoni ambacho mpini wake wa plastiki ulikuwa umevunjika, kisu cha stenlesi vilevile, kilichosuguliwa mistari. Nimeishia msasa namba 400. Mke wangu anakatia vitunguu kila jioni, na pale kidole chake cha shahada kinapokaa weusi umeshaanza kulainika.